Huo Mti wa Krismasi Mnaosema ni wa Wazungu

Kila Desemba kuna posti mbili ambazo lazima zipite kwa simu yangu. Ya kwanza inasema mti wa Krismasi ni utumwa wa akili, Mwafrika amka. Ya pili ni picha ya mti wa plastiki sebuleni, taa zinawaka zikizima, na mwenye nyumba anatabasamu kama ameupanda mwenyewe. Wenye hizi posti hutukanana hadi Januari. Lakini ukiwasikiliza vizuri, kuna jambo moja wanakubaliana: ati mti wa Krismasi ni kitu cha Ulaya ambacho sisi tumekiokota dukani juzi.

Mimi ni mtoto wa Kisumu na naomba kutofautiana na wote wawili. Kwetu mti haununuliwi, unaendewa. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi mtu mmoja wa familia anatumwa Maseno kwa dani, yaani nyanya yetu mzaa baba. Anakata kilele cha saiprasi kwenye ua wa boma, anakifunga kamba, anarudi nacho mjini juu ya matatu. Imekuwa hivyo tangu baba yangu akiwa shule ya msingi. Sasa mwaka huu kuna pendekezo kwenye grupu la familia kwamba mambo hayo yaishe. Nitawaambia nasimama wapi, lakini kwanza twende kitambo kidogo, maana huo mti umepita njia ndefu kuliko vile wengi wetu tunadhani.

Malkia, ziwa na mti

Tumalizane na Ulaya kwanza. Desturi ya kuingiza mti ndani ya nyumba na kuupamba ilianzia kwa watu wanaozungumza Kijerumani. Kuna maandishi ya 1605 kutoka Strasbourg yanayoeleza watu wakiweka miti sebuleni na kuitundikia maua ya karatasi, matufaha na peremende. Waingereza, ambao ndio tunawalaumu sana, walichelewa. Mwaka 1800 Malkia Charlotte, mzaliwa wa Ujerumani, aliweka mti Windsor, lakini mambo yakabaki ya wakubwa tu.

Kilichobadilisha kila kitu ni picha. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapisha mchoro wa Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wamezunguka mti uliopambwa. Albert naye alikuwa Mjerumani, kutoka Coburg. Watu wakaona ile picha, wakataka mti kama ule, na ndani ya miaka michache kila familia yenye uwezo Uingereza ilikuwa na wake. Kwa hivyo hata hao wazungu waliiga kutoka kwa picha ya familia maarufu, vile tu sisi hufanya leo. Ilitrendi.

Sasa hesabu miaka 10 kutoka hapo. Mwaka 1858 John Hanning Speke alifika ufuko wa kusini wa ziwa letu, karibu na Mwanza ya leo, akaliita Victoria. Watu wa huku walikuwa tayari wanaliita Nam Lolwe, lakini hakuna aliyewauliza. Kwa hivyo mwanamke ambaye jina lake liko kwenye ziwa tunalovua samaki ndiye huyo huyo aliyefanya mti wa Krismasi uwe fasheni. Nilipogundua hiyo nilikaa chini kwanza.

Reli ilifika wiki ya Krismasi

Victoria alikufa Januari 1901. Desemba ya mwaka huo huo, reli yao ikafika hapa.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896, na ilifika ufuko wa ziwa siku chache tu kabla ya Krismasi ya 1901. Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, ndiye aliyepewa heshima ya kupigilia msumari wa mwisho, na kwa muda mahali hapa pakaitwa Port Florence. Halafu kuna jambo ambalo shuleni tulilipita mbio: wakati ule Kisumu haikuwa hata upande wa Kenya. Ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki la Uganda, na ilihamishiwa upande huu 1902. Krismasi ya kwanza ya reli hapa Kisumu ilisherehekewa Uganda bila mtu kusonga hatua moja.

Na walioijenga ni nani? Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Karibu 2,500 walikufa kabla reli haijafika. Kwa hivyo ukijaribu kupiga picha ya akili ya ile Desemba, kambini kwenyewe wengi hawakuwa na habari na Krismasi. Wajaluo wa huku hawakuwa nayo pia. Wenye sikukuu walikuwa wachache sana.

Lakini treni ilikuja na njaa yake. Injini za wakati huo zilichoma kuni, na kuni zilitoka kwenye misitu iliyo karibu na njia. Serikali ya kikoloni ikaanzisha Idara ya Misitu mwaka 1902, na moja ya kazi za kwanza ilikuwa kupanda miti inayokua haraka ili treni isikose cha kula. Hapo ndipo mikaratusi ya Australia ilipoingia. Miti yetu ya asili kama mtarakwa na mivule iko na ubora, lakini inachukua muda mrefu kukomaa, na serikali haikuwa na huo muda. Baada ya kuni ikahitaji mbao: mbao za nyumba, za ofisi, za masanduku. Ikatafutwa miti mingine ya haraka. Mmoja ndio huo tunaokata Desemba.

Jina la Kireno, kwao Mexico

Saiprasi iliyojaa kwenye nyua za magharibi mwa Kenya kwa jina la kitaalamu ni Cupressus lusitanica. Lusitania ni jina la kale la Ureno, na mtaalamu wa mimea Philip Miller aliupa mti jina hilo 1768 kwa sababu miti aliyoijua ilikuwa inapandwa Ureno. Lakini Ureno haikuwa kwao. Asili yake ni milima ya Mexico na Guatemala. Wareno waliuchukua huko ng'ambo ya bahari, wakaupanda kwao, ukapewa jina lao. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaletwa Kenya.

Sasa nirudi kwa yule jamaa wa "mti wa wazungu". Mti wa Victoria na Albert ulikuwa wa familia ya misonobari ya baridi ya kaskazini. Huo hauoti huku, labda mtu autunze kama mtoto mchanga. Unaoota huku ni wa Mexico, wenye jina la Kireno, uliletwa na serikali ya Waingereza kwa ajili ya mbao, halafu ukatumiwa kwa desturi ya Wajerumani. Kwani mzungu gani tutamrudishia?

Na saiprasi ilipendwa huku haraka. Kuanzia 1910 Idara ya Misitu ilitumia mpango ulioitwa wa shamba: mkulima anapewa kipande ndani ya msitu, analima mahindi na viazi katikati ya miche, anapalilia miche bila malipo, na miti ikishakua anahamishwa. Mashamba makubwa ya saiprasi ya Kenya yalikuzwa kwa jasho hilo. Mpaka leo, pamoja na msindano na mkaratusi, ndio miti inayotegemewa zaidi kwa mbao nchini.

Lakini angalia ramani. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na joto la Kisumu mnalijua. Saiprasi inapenda juu zaidi, penye baridi kidogo na mvua. Ndiyo maana mjini huioni sana, lakini ukipita Otonglo, ukafika Kisian na kuanza kupanda kuelekea Lela, unaanza kuziona kwenye nyua. Ukifika Maseno, kama mita 1,500, zimejipanga barabarani kama wanafunzi paredi. Maseno pia ndipo ikweta inapokata barabara ya Busia, pana hata alama ya watu kupigia picha. Kwa hivyo familia yetu hupanda matatu hadi kwenye mstari wa ikweta kutafuta mti wa sikukuu yenye picha za theluji. Mimi huwa nacheka, lakini naipenda.

Theluji yenyewe tulikuwa nayo. Kwaro, babu yetu, alifanya kazi KICOMI, kile kiwanda cha nguo cha Kisumu, na pamba ilikuwa haiishi nyumbani. Baba anasema mti wao ulikuwa na pamba kila tawi, puto nne, na karatasi ya ndani ya pakiti za sigara iliyokatwa nyota. Kiwanda kikafungwa miaka ya 90, na pamba ya mti ikawa ya kununua kwa duka la dawa.

Kanisani walisemaje?

Krismasi yenyewe ilikuja na wamishonari, hilo halina ubishi. Wakatoliki wa Mill Hill walifika Kisumu 1903. Mwaka 1906 J. J. Willis wa CMS alianzisha shule ya Maseno. Jina Maseno linatokana na mti: oseno kwa Kijaluo, oluseno kwa majirani zetu Wanyore. Yaani kabla saiprasi haijafika hapo, mahali palikuwa pameshaitwa kwa jina la mti mwingine. Hiyo kumbuka, nitairudia.

Mwaka huo huo wa 1906, ng'ambo ya ghuba, Waadventista wakiongozwa na Arthur Carscallen walianza misheni Gendia, karibu na Kendu Bay. Hii ndiyo sababu Krismasi haifanani ufuko mzima. Mama yangu anatoka upande huo. Kwao Desemba 25 ni siku kama nyingine, labda iwe Jumamosi. Hakuna mti, na hakuna mtu aliyewahi kuulilia. Kwa hivyo mtu akikwambia "sisi watu wa ziwa huwa na mti", muulize ziwa upande gani.

Wapinzani wa mti wana andiko lao: Yeremia sura ya 10, inayozungumza juu ya mti uliokatwa msituni na kupambwa kwa fedha na dhahabu. Ukisoma sura yote unaona anazungumza juu ya sanamu, mti uliochongwa na fundi ukawa mungu wa kuogopwa. Sijaona mtu Kisumu anayeogopa saiprasi. Hiyo Biblia pia ina miberoshi, na mberoshi ndilo jina la Kiswahili la jamii ya saiprasi. Kuna mtu atasema natetea mti kwa kuwa naupenda. Sawa, ni kweli.

Ua uliokuja na wapimaji

Lakini saiprasi za dani hazikupandwa kwa ajili ya Krismasi, wala kwa ajili ya mbao. Zilipandwa kwa ajili ya mpaka. Na kwangu mimi hapa ndipo historia inakuwa yetu.

Zamani boma la Mjaluo lilizungushiwa ua wa ojuok, ule mmea wa utomvu mweupe ambao vitabu vya Kiswahili huuita mnyaa. Utomvu wake ukikuingia jichoni utajuta. Ua wa ojuok ulikuwa duara: nyumba ya mke wa kwanza ikitazama lango, zizi katikati, simba za vijana karibu na lango. Wazee wakiisha na vijana wakitoka kuanzisha maboma yao, mahali hapo paligeuka gunda, yaani boma lililoachwa, na pakalimwa. Duara la ojuok mara nyingi lilibaki limesimama peke yake.

Baada ya uhuru serikali ikaja na sheria ya 1968 ya kupima mashamba na kumwandikia kila mtu chake. Kwetu, dani anasema, watu wa kupima walifika miaka ya 70. Walikuja na minyororo ya kupimia na vitabu, wakauliza nani ana wapi, wakaweka alama. Kwaro hakuwaamini watu wa kupima na hakuwaamini majirani. Wiki hiyo hiyo alipanda miche ya saiprasi kutoka alama hadi alama, ili mtu akitaka kusogeza mpaka usiku akutane na mti.

Ukisimama kwa dani leo unaona historia mbili kwa macho. Nyuma kuna kipande cha duara la zamani la ojuok. Mbele kuna mstari wa saiprasi uliyonyooka kama rula. Duara lilikuwa la boma. Mstari ni wa cheti cha shamba. Na kilele tunachokata kila Desemba kinatoka kwenye huo mstari, kwa sababu ua usipokatwa unarefuka, unaziba jua, mahindi yaliyo karibu yanakuwa mafupi. Baba alikuwa anatumwa kupunguza ua. Siku moja akaona vile vilele vinafanana na picha ya kadi ya Krismasi, akabeba kimoja mjini. Mila ya familia yetu ilianza kama takataka za kupogoa.

Halafu kukawa na mwaka wa ugonjwa. Kuna mdudu mdogo sana anayefyonza utomvu wa saiprasi. Afrika alionekana kwanza Malawi 1986, na kufikia 1990 alikuwa Kenya. Nyua zilianza kukauka kutoka ndani, zikawa za kahawia kama zimechomwa. Baadaye watafiti walileta nyigu wadogo wanaomwinda huyo mdudu, lakini nyua nyingi zilikuwa zimeshaenda. Kwaro alipoteza zaidi ya nusu. Desemba hiyo baba alirudi na tawi la mgrevilea, majani yakanyauka kabla ya tarehe 25, na shangazi zangu bado wanamcheka. Mashimo ya ile miti iliyokufa hayajajazwa. Yamebaki kama meno yaliyong'oka.

Miti iliyokuwepo kabla

Nilisema nitarudi kwa miti ya zamani. Kuna watu husema Mwafrika hakuwa na mila ya mti ndani ya nyumba. Ndani ya nyumba labda. Lakini Mjaluo na mti ni watu wa kitambo.

Chukua yago, mwegea kwa Kiswahili, ule mti unaoning'iniza matunda marefu kama soseji kubwa. Mtu wetu akifia mbali na mwili usipatikane, amezama ziwani au amepotelea vitani, familia huzika tunda la yago mahali pake. Linachimbiwa kaburi, linaliliwa kama mtu. Kwa sababu mtu lazima arudi nyumbani, na kama yeye hawezi, kitu kinachotoka kwenye mti kinarudi kwa niaba yake.

Sisemi yago ni mti wa Krismasi. Nasema tu kwamba wazo la mti kubeba habari ya nani yuko nyumbani na nani hayupo halikuletwa na treni. Wazee wetu walipoona watoto wao wamekwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa kwa reli, na wanarudi Desemba tu, Krismasi ikashika nafasi fulani iliyokuwa wazi. Mpaka leo Kisumu ukisema Krismasi humaanishi Bethlehemu kwanza. Unamaanisha nani anakuja, anafika lini, na nauli imepanda hadi wapi. Treni ya abiria ya Nairobi iliporudi Kisumu Desemba 2021, miaka 120 baada ya ile ya kwanza, watu walipiga picha stesheni kana kwamba wamemwona jamaa aliyepotea.

Mjadala wa nyumbani

Sasa tuingie kwa grupu la familia.

Baba mdogo ndiye aliyeanzisha. Pendekezo lake lina sehemu mbili. Kwanza, mti wa plastiki ununuliwe mara moja, utumike miaka kumi, tuache kumtuma mtu na nauli ya Desemba ikiwa mara mbili. Pili, saiprasi zote 19 zilizobaki zikatwe, ziuzwe kwa wenye mbao, na hela ijenge ukuta wa mawe. Mbegu za mzozo wa mpaka ziko, dani anazeeka, na ukuta hauhitaji kupogolewa.

Wasee, hoja zake si za kijinga. Mahindi karibu na ule ua ni mabaya kweli. Dawa za presha za dani zinataka pesa kila mwezi. Na mimi ni nani wa kumwambia mtu anayelipa hizo dawa ati aache miti kwa sababu ya mapambo?

Lakini nilipokwenda Agosti nilimuuliza dani mwenyewe. Nilitarajia atatetea miti ya mume wake. Akasema miti ni miti. Akasema hivi: "Huo mti ni wenu. Mimi huwa nangoja mtu wa kukata."

Nikaanza kuhesabu. Yule anayetumwa kuchukua mti hufika kama tarehe 20 au 21, siku tatu nne kabla ya wengine wote. Anakuta bati limetoboka, analifunika. Anakuta sukari imeisha, ananunua. Mwaka juzi binamu yangu ndiye aliyekuta dani ana homa ya siku mbili na hajamwambia mtu, akamkimbiza hospitalini kwa nduthi. Tungekuwa na mti wa plastiki, huyo binamu angekuwa mjini anafungua sanduku na kupanga matawi kwa namba. Tungefika tarehe 24 jioni na chapati zetu na soda zetu.

Ndiyo maana sikubali hii hesabu ya nauli. Baba mdogo anahesabu bei ya mti. Mimi nahesabu bei ya hiyo safari, na vile safari haina sababu nyingine iliyokubalika na kila mtu. Jaribu kuwaambia watu wazima sita wenye kazi, "mmoja wenu aende kumwona mama tarehe 20." Kila mtu yuko bize. Waambie "nani analeta mti mwaka huu?" na mtu atajitokeza, hata kwa kulalamika.

Msimamo wangu

Nimeandika kwenye grupu, na naandika hapa pia ili nisiweze kugeuka.

Ukuta ujengwe upande wa barabara, pale penye mzozo. Saiprasi za hapo ziende, hela isaidie dawa. Zile saba za upande wa njia ya mtoni zibaki. Hazizibii mahindi ya mtu.

Kwa wale mnaotaka kuanza mila hii kwenu, sheria ni chache. Usiingie msitu wa serikali na panga. Tangu Februari 2018 hadi Julai 2023 ukataji katika misitu ya umma ulikuwa umepigwa marufuku, na hata baada ya kufunguliwa bado unahitaji kibali. Kata kwa ua wa mtu unayemjua, kwa ruhusa. Usikate kilele cha mche mdogo, utauharibu umbo maisha yake yote. Na jua kwamba saiprasi si mkaratusi: ukiikata hadi kwenye mti mkavu usio na majani haichipuki tena hapo. Kata penye kijani, kata kidogo. Mjini uweke kwenye ndoo ya mchanga na maji, kwa joto la Kisumu utakaa wiki mbili hivi ukinukia vizuri.

Na ukienda, panda kitu. Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na wengi wetu tulipanda mche mmoja siku ya mapumziko Novemba 2023, tukapiga picha, hatujarudi kuutazama. Mimi mwaka huu nabeba miche miwili ya yago kujaza yale mashimo ya ule ugonjwa. Haitawahi kuwa mti wa Krismasi. Lakini mtu atalazimika kwenda kuiangalia kama imeshika, na nimeshaandika majina ya zamu hadi 2030.

Kikao cha familia ni Desemba 26 kwa dani. Huenda nikashindwa. Baba mdogo ana sauti kubwa na pesa zaidi. Lakini mti wa mwaka huu naendea mimi.

Nyinyi nawaachia kazi moja tu: kabla sikukuu haijaisha, muulizeni mzee yeyote wa kwenu ua ulipandwa na nani, na watu wa kupima walikuja mwaka gani. Mtakaa hapo masaa, msije kunilaumu chakula kikipoa. Na tarehe 21, ukipita njia ya Busia ukaona matatu inateremka Kisian na saiprasi juu ya paa, ni mimi. Tafadhali msinipige picha, nitakuwa nimejaa utomvu.